Kabla Hujaongeza Roboti, Pima Umbali

(Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa uhandisi na vijana wanaopenda michezo ya kompyuta. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Ndugu zangu, wadogo zangu, habari za mchana. Nashukuru kwa kunikaribisha, na nawashukuru nyinyi mliokubali kuviacha viwanda vyenu nyumbani ili mje kumsikiliza mtu akiongelea viwanda.

Nimeombwa nizungumzie roboti za kubeba mizigo katika Factorio. Naona mikono kadhaa kule nyuma ya watu ambao hawajawahi kuucheza, kwa hiyo niwape picha kidogo. Factorio ni mchezo wa Wube Software, kampuni ya Prague, Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2013 wachezaji waliuchangia fedha kupitia mtandao, Februari 2016 ukaingia Steam, duka la michezo ya kompyuta mtandaoni, ukiwa bado haujakamilika, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2020. Umeanguka na chombo chako kwenye sayari usiyoijua, huna kitu cha maana mkononi, na unatakiwa ujenge viwanda mpaka urushe roketi. Unachimba chuma na shaba, unayeyusha, unaunda gia, saketi, injini. Kuweka mashine ni kazi ya sekunde mbili. Kuilisha mashine hiyo usiku na mchana bila wewe kuwepo, hapo ndipo watu wanapokesha.

Njia za kulisha ni tatu: mikanda, treni, na roboti zinazoruka. Mkanda wa njano unapitisha vitu 15 kwa sekunde, mwekundu 30, wa bluu 45. Treni ni ya safari ndefu. Roboti zinakuja baadaye, ukishajua kusafisha mafuta na kutengeneza betri, na zikija zinalevya. Ghafla huhitaji kuzungusha mikanda. Unaweka sanduku linalotoa, unaweka sanduku linaloomba, unasimika roboporti, yaani kituo cha roboti kukaa na kuchaji, katikati, na vitu vinajileta vyenyewe. Kwa saa chache unajiona mfalme. Halafu kiwanda kinakua, mashine zinaanza kukaa bila malighafi, na unafanya kile ambacho karibu kila mchezaji anafanya: unaongeza roboti. Mia. Mia mbili. Elfu. Mashine bado zina njaa.

Nilichokuja kuwashawishi mchana huu ni kwamba idadi ya roboti huipangi wewe. Inapangwa na mahali ulipoweka masanduku yako. Ukishaweka masanduku, umeshaandika bili, na roboti ni malipo tu.

Tupige hesabu pamoja, msiogope, ni kuzidisha na kugawanya. Roboti mpya ya mizigo, kabla ya utafiti wowote, inaruka vigae 3 kwa sekunde, kigae kikiwa ni kimraba kimoja cha ardhi ya mchezo, na inabeba kitu kimoja. Kimoja, si kimoja cha kila aina. Tuseme unataka ifanye kazi ya mkanda mmoja wa njano, vitu 15 kwa sekunde, kutoka kwenye tanuru hadi kwenye mashine zilizo vigae 100 mbali. Kwenda vigae 100, kurudi 100, jumla 200. Kwa mwendo wa 3 kwa sekunde hiyo ni sekunde 67 hivi. Katika sekunde hizo 67 mashine zinataka vitu 1,000. Kila roboti inaleta kimoja kwa safari. Kwa hiyo unahitaji roboti 1,000, na hapo hatujahesabu muda wa kuchaji.

Roboti moja inataka fremu yenye injini ya umeme, betri mbili, bamba la feleji na saketi tatu za kijani, halafu juu yake saketi mbili nyekundu. Elfu moja ni betri 2,000 na saketi nyekundu 2,000, ili kufanya kazi ya mkanda ambao mtoto wa darasa la nne angeuweka kwa dakika mbili.

Sasa msiguse utafiti. Sogezeni tu masanduku. Umbali uwe vigae 20 badala ya 100. Safari nzima ni vigae 40, sekunde 13 na kidogo, na roboti zinazohitajika zinashuka hadi 200. Tumeokoa roboti 800 kwa kuhamisha masanduku.

Utafiti nao unasaidia, nisiudharau. Ukifika daraja la tano la mwendo, kasi inaongezeka kwa asilimia 240, roboti inaruka vigae 10.2 kwa sekunde. Ukimaliza utafiti wa kubeba, kila moja inachukua vitu vinne. Ile kazi ya vigae 100 iliyotaka roboti 1,000 sasa inataka 74. Na ile ya vigae 20 inataka 15. Kumi na tano! Hizo unazitengeneza ukiwa unasubiri chai ichemke.

Kuna Mmarekani anaitwa John Little aliyethibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo wote mnaosoma uhandisi wa viwanda mtakutana nayo: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kuzidisha na muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Roboti zako zilizoko hewani ni kanuni hiyo ikiruka mbele ya macho yako. Kasi ya mashine kula huwezi kuipunguza, maana ndiyo uzalishaji wenyewe. Kilichobaki mikononi mwako ni muda, na muda ni umbali.

Umeme nao unafuata mkumbo huo huo. Roboti inatumia kilojouli 5 kwa kila kigae inachoruka, na juu ya hapo kilowati 3 kwa kuwa hewani tu, iwe inakwenda au imesimama. Zile roboti 1,000 za mwanzo zinakula megawati 18, sawa na injini 20 za mvuke. Zile 74 zenye mwendo na mzigo mkubwa zinakula megawati 4, injini tano zinatosha. Kazi ni ile ile. Sehemu kubwa ya tofauti inatokana na kubeba vinne kwa safari moja, na iliyobaki inatokana na kutokaa hewani muda mrefu. Ndiyo maana mimi nikipewa chupa za sayansi, ambazo ndizo malipo ya utafiti, namaliza utafiti wa kubeba kwanza, kisha mwendo.

Hapo ndipo tunafika kwenye roboporti, na naomba tukae hapa kidogo kwa sababu viwanda vingi vinafia hapa.

Roboporti inahudumia eneo la mizigo la vigae 50 kwa 50, na eneo la ujenzi la 110 kwa 110. Maeneo ya mizigo yakigusana, roboporti mbili zinakuwa mtandao mmoja. Watu wanasoma hizo namba mbili na kudhani wamemaliza: nitasimika moja kila baada ya vigae 50, eneo lote limefunikwa, basi. Lakini roboporti ina kazi nyingine, kuchaji, na inachaji roboti nne kwa wakati mmoja. Ya tano inasubiri.

Sogezeni skrini hadi ukingoni mwa matanuru ya kiwanda chochote kikubwa cha roboti na mtazame roboporti iliyo karibu zaidi na masanduku yenye kazi nyingi. Roboti nne zimetulia kwenye nafasi zao, zinachaji. Juu yake kuna wingu. Roboti thelathini, hamsini, zinaelea pale pale, nyingine zimeshika mabamba ya shaba yanayosubiriwa kwa hamu upande wa pili, na kila moja inaendelea kula zile kilowati 3 za kuelea huku ikisubiri zamu ya kula umeme. Roboti ikiishiwa kabisa haianguki; inaendelea kwa asilimia 20 ya mwendo wake, inajikokota. Mbele ya wingu hilo, mchezaji anaongeza roboti nyingine mia. Unajua kitakachotokea: wingu linanenepa.

Dawa ni kuongeza roboporti mwanzoni na mwishoni mwa njia zenye shughuli, bila kujali kwamba eneo hilo limeshafunikwa. Zipange mbili, tatu, nne, zikigusana ubavu kwa ubavu kama inabidi. Kila moja inataka gia 45, feleji 45 na saketi nyekundu 45, si bei ya kutisha kwa mtu aliyefika hatua hiyo.

Utajuaje kama tatizo ni roboti chache au chaji? Usikisie. Roboporti inaweza kuunganishwa kwa waya na kutoa takwimu za mtandao wake: roboti za mizigo zilizopo jumla ngapi, na zisizo na kazi ngapi. Ukiona zisizo na kazi ni sifuri muda wote na hakuna wingu kwenye chaji, hapo kweli ongeza. Ukiona mia mbili zimelala bila kazi na mashine ina njaa, acha roboti, nenda kaangalie sanduku linaloomba au chanzo cha malighafi. Na ukiona hakuna iliyo huru lakini wingu lipo, jenga chaji. Kwa waya huo huo unaweza kuuamuru mkono, ile mashine ndogo ya kuhamisha vitu, uingize roboti mpya pale tu zilizo huru zinaposhuka chini ya idadi unayotaka, na ukasahau.

Kuna ugonjwa mwingine wa umbali ambao hauonekani kwenye hesabu. Roboti inaruka moja kwa moja, kama kunguru. Haijali mipaka ya mtandao wako. Kwa hiyo ukijenga kiwanda kuzunguka ziwa, mtandao ukawa na umbo la kiatu cha farasi, roboti ya upande mmoja ikitumwa upande wa pili inakata juu ya maji, mahali pasipo na chaji. Katika matoleo ya zamani ilikuwa kero ya kuvunja moyo: betri inapungua katikati ya ziwa, roboti inageuka kurudi ilikotoka kuchaji, inaondoka tena, inageuka tena. Wengine waliikuta njia hiyo inapita juu ya viota vya wadudu, na roboti zikawa zinatunguliwa moja baada ya nyingine kimya kimya. Toleo la 2.0, lililotoka Oktoba 2024, limezipa roboti akili zaidi ya kuchagua chaji iliyo upande wa safari yao. Limepunguza kero, ila halijafuta gharama: kuzunguka ziwa bado ni mbali. Ukiona mtandao wako una shimo katikati, ukate uwe mitandao miwili na uunganishe kwa treni.

Sasa swali ambalo naliona zuri kuliko yote: roboti zibebe nini?

Mwaka 1909 mwanauchumi Mjerumani, Alfred Weber, aliuliza kiwanda kikae wapi kati ya malighafi na soko, na jibu lake lilitegemea uzito. Kama malighafi inapoteza uzito ikichakatwa, kaa karibu na malighafi. Ndiyo maana viwanda vya sukari vya Kilombero vimesimama katikati ya mashamba ya miwa na si hapa Kariakoo. Nani atasafirisha maji na makapi umbali wote huo? Katika Factorio roboti haijui uzito, inajua idadi. Inabeba vinne, viwe nyaya nne za shaba au vinu vinne vya nyuklia. Kwa hiyo swali la Weber linakuwa: je, mchakato huu unaongeza idadi au unapunguza?

Waya wa shaba unaongeza. Bamba moja linatoa nyaya mbili, na saketi moja ya kijani inataka nyaya tatu na bamba moja la chuma. Ukirusha nyaya kwa roboti, umezidisha safari mara mbili bila sababu. Waya usiruke kamwe. Mashine ya waya ikae ubavuni mwa mashine ya saketi, mkono uchukue kutoka hii na uingize kwenye ile moja kwa moja. Mashine tatu za waya zinalisha mbili za saketi, uwiano unaojulikana na kila mchezaji. Gia ni kinyume chake: mabamba mawili yanazaa gia moja, kwa hiyo tengeneza gia kwenye matanuru na urushe gia. Na mfano mtamu zaidi ni kile kipande chepesi cha kuundia roketi, kinachomeza mabamba 20 ya shaba, feleji mbili na plastiki tano. Vitu 27 vinageuka kimoja. Anayerusha malighafi hizo vigae 200 ili akatengenezee kipande hicho pembeni ya roketi anafanya safari 27 pale ambapo angefanya moja.

Ukilielewa hilo, mpangilio wa kiwanda unajichora. Mabamba yanakuja kwa treni, behewa moja linabeba mabamba 4,000. Yanashushwa kwenye kituo kilicho katikati ya kijiji kidogo cha mashine, na roboti za kijiji hicho zinahangaika ndani ya vigae ishirini, thelathini tu. Bidhaa iliyoshikana, yenye idadi ndogo na thamani kubwa, inapakiwa kwenye treni nyingine na kwenda kijiji kinachofuata. Kila kijiji na mtandao wake, roboporti zake zisigusane na za jirani. Wanaojenga viwanda vya kutoa chupa za sayansi 1,000 kwa dakika na zaidi kwa kutumia roboti wengi hufuata mtindo huu au ndugu yake.

Mtandao mmoja mkubwa wa nchi nzima nauheshimu kwa jambo moja tu, ujenzi na vifaa vyako binafsi. Unataka vipuri mfukoni, unataka ukuta urekebishwe, sawa. Lakini usiupitishie malighafi.

Masanduku. Nitayapitia mbio mbio kwa sababu rangi zake mnazijua: jekundu linatoa likiombwa, la bluu linaomba, la njano linahifadhi, la kijani linaomba na kutoa, na la zambarau linasukuma kila kilichomo kitoke hata kama hakuna anayekitaka. Roboti zikihitaji kitu zinatazama la zambarau kwanza, kisha la njano na la kijani, na jekundu mwisho. Hiyo maana yake vilivyolala ghalani vinatumika kabla ya vipya kutoka mashineni, jambo zuri sana, na ndiyo sababu ya kulipa la njano heshima yake. La kijani liweke karibu na kuta za ulinzi, lijazwe risasi na vifaa vya ukarabati, roboti za ujenzi zisivitafute mbali.

La zambarau ndilo lenye kesi. Anayelijua vizuri ni yule aliyefika Fulgora, moja ya sayari za Space Age, nyongeza ya mchezo huu. Kule huchimbi chuma. Unachimba takataka za ustaarabu uliokufa, unazipitisha kwenye mashine ya kuchakata, na zinatoka aina 12 za vitu kwa kubahatisha: gia kwa wingi kuliko vyote, saketi za daraja la juu, barafu, zege, mafuta magumu, na madini kidogo ya holmiamu ambayo ndiyo uliyoyafuata. Wazo la haraka ni kuweka masanduku ya zambarau kwenye kila mashine na kuacha roboti zipange. Linafanya kazi vizuri mno siku ya kwanza. Halafu gia zinajaza masanduku ya njano. Zote. Roboti zinabaki zimeshika gia bila pa kuziweka, la zambarau linajaa, mashine ya kuchakata inasimama, na holmiamu inakatika kwa sababu ya gia ambazo hakuna aliyeziomba. Kiwanda kimekufa kwa shibe.

Kwa hiyo Fulgora uamuzi wa kwanza ni wa kuharibu: gia zikizidi kiwango fulani kwenye mtandao, mkono unazirudisha kwenye mashine ya kuchakata, inayorudisha robo tu ya kilichoingia, na zinayeyuka polepole. Masanduku ya njano yawekewe kichujio, kila moja kitu chake, ili gia zisivamie nyumba ya saketi. Na kwa kuwa sayari yenyewe ni visiwa, hakikisha kila kisiwa kinajitegemea kwa roboti zake.

Kitu kimoja kuhusu sanduku la bluu, kwa sababu naona watu wanakisia namba. Mashine ya daraja la tatu inatengeneza saketi za kijani mbili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo inakula mabamba mawili na nusu ya chuma kwa sekunde. Kama mzigo unachukua sekunde 20 kufika tangu uombwe, lazima sanduku liombe angalau mabamba 50. Ukiomba 10, mashine inafanya kazi karibu sehemu moja kwa tano ya muda, halafu utalaumu roboti. Lakini ukijaza namba kubwa kwa usalama, mabamba 2,000 kwenye kila sanduku, na una mashine 40, umezika mabamba 80,000. Hayo ni mabehewa 20 yaliyolala. Kanuni ni ile ile ya Little, na ukipunguza umbali, namba hii nayo inapungua.

Mtu atauliza, basi kwa nini tusirudi kwenye mikanda? Swali hilo lina historia. Januari 2018 watengenezaji wenyewe, katika makala yao ya kila Ijumaa, walijadili hadharani kama roboti zimekuwa na nguvu mno na kuua raha ya mikanda. Wachezaji waligawanyika, na bado wamegawanyika. Roboti hazikupunguzwa. Kilichotokea miaka baadaye ni kwamba Space Age ilileta mkanda wa kijani wa vitu 60 kwa sekunde na mikono inayopanga vitu hadi vinne kwa nafasi moja, kwa hiyo mkanda mmoja unaweza kupitisha 240. Pigeni hesabu ya roboti kwa kazi hiyo, vigae 100, utafiti ule ule wa daraja la tano: zaidi ya 1,170. Mimi msimamo wangu ni wa mtu wa mikanda kwa mabamba na mtu wa roboti kwa vitu vya aina nyingi vinavyohitajika kidogo kidogo. Duka la vifaa, lenye mashine thelathini zinazotaka viungo vya kila aina, bila roboti ni kujitesa. Anayejenga kila kitu kwa roboti kwa sababu anachukia kuchora mikanda, simlaumu, ila alipe bili bila kulalamika.

Nimepewa muda wa maswali mawili.

Dada hapa mbele anauliza kama haya yana maana yoyote nje ya mchezo. Yanayo, na hatuendi mbali. Rwanda, tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline inapeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani. Kituo cha kwanza kilijengwa Muhanga, baadaye cha pili Kayonza upande wa mashariki, na kutoka vituo hivyo wanahudumia nchi. Ndege haitui hospitalini. Inadondosha kifurushi kwa parashuti na kurudi kituoni. Angalia walivyokwepa foleni ya chaji: betri inachomolewa na kuwekwa nyingine iliyojaa, ndege haisubiri. Katika Factorio hatujapewa hiyo nafuu. Lakini swali la kwanza lilikuwa lile lile, kituo kikae wapi, na idadi ya ndege ikafuata.

Kaka wa nyuma anauliza aanze na roboti ngapi. Kwa duka la vifaa na mahitaji yako mwenyewe, 50 zinatosha, na roboporti nne. Usijaribu kuzitumia kwenye vyombo vya angani, huko hazifanyi kazi kabisa, utarudi kwenye mikanda utake usitake. Na ukifika Aquilo, ile sayari ya barafu, roboti zinakula umeme mara tano ya kawaida, kwa hiyo zile megawati 4 zetu zinakuwa 20. Kule, ndugu yangu, pima vigae kimoja kimoja.